Maji ya Mkwe

Shangazi yangu alikuwa na maji ya aina nne. Kulikuwa na maji ya mtoto, maji ya mgeni, maji ya mkwe, na maji ya kuku. Hakuyaandika popote, wala hakuwahi kumkalisha mtu chini akamfundisha. Ulijifunza kwa kusutwa. Ukimpelekea ndoo ya kuogea, akarudi mlangoni kukuuliza kama amekuwa kuku unayetaka kumnyonyoa, basi siku hiyo umeyajua maji ya kuku na hutayasahau.

Maji ya mkwe ndiyo yaliyompa jina. Shangazi alilima vanila, na vanila ikishachumwa haina harufu ya maana. Ukiinusa mbichi utadhani umeshika maharage. Ili inukie lazima kwanza uiue: unaitumbukiza kwenye maji ya moto kwa dakika tatu, tunda liache kukua, na vile vitu vilivyolala ndani yake viamke vianze kutengeneza harufu. Maji yakiwa ya uvuguvugu tu, tunda halifi, litapasuka na kuota ukungu sandukuni. Yakizidi moto, linaiva kama mboga, na harufu haiji tena maisha. Katikati hapo pana nafasi nyembamba, na shangazi aliipata kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia. Alikitumbukiza akahesabu. Kidole kikivumilia hadi tano, hayo ni ya mgeni, ongeza kuni. Kikiruka kabla ya moja, ni ya kuku, ongeza maji baridi. Kikitoka chenyewe kwenye mbili, mkwe amefika.

Niliwahi kumuuliza ni mkwe gani huyo anayeogeshwa maji ya kubabua. Akasema mwanamume anayemtaka binti yake kweli ataoga tu. Yeye alizaa wana wawili wa kiume, wote wakahamia mbali, kwa hiyo hakuna aliyepata kujaribiwa.

Nyumba kumi na moja za mtaa ule zilikuwa na marando ya vanila nyuma ya jiko, na zote zilileta mavuno yao kwake. Sufuria ilikuwa moja, kubwa, nyeusi, na iliwekwa kwenye mafiga chini ya kibanda cha mabati uani kwake. Hakuna aliyethubutu kuua vanila yake mwenyewe. Walimwita Mama Kidole, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika kwa fahari ambayo hakujisumbua kuificha. Shamba lake lilikuwa dogo, nyumba yake ilivuja pembe moja, mume alishatangulia zamani. Jina hilo ndilo lililokuwa mali yake, na hofu ya kulipoteza ndiyo habari ninayotaka kusimulia.

Mimi nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na minne, cheti, kiburi, na kipimajoto kirefu cha kioo ndani ya ala ya plastiki. Ofisi ya kilimo ilikuwa imenipangia eneo lile niwe Bibi Shamba, na kwa kuwa shangazi ni dada wa baba yangu, hakuna aliyeuliza nitalala wapi. Nilimwamkia mlangoni. Aliitikia, akanizunguka mara moja kama mtu anayekagua fenicha, akauliza kama huko chuoni tulikuwa tunasoma au tunakula.

Alinipa chumba cha mbele. Kilikuwa na kitanda cha chuma, dirisha la vioo vitatu, kimoja kikiwa kipande cha boksi, na masanduku manne ya mbao yaliyopangwa ukutani. Humo ndimo vanila ililazwa ikishauawa, ikiwa imefungwa kwenye mablanketi mazito ya sufu ili itoe jasho. Wiki zile za jasho shangazi aliziita fungate, na ole wako ufungue sanduku bila ruhusa. Nililala katika harufu hiyo miaka tisa. Ofisini walidhani natumia manukato ya bei mbaya, na mkubwa wangu alipata kunishauri nisiwe mtu wa anasa.

Huyo mkubwa wangu ndiye aliyesababisha shangazi anipende, ingawa hakujua. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na ifikapo mchana limeshanyauka. Ndani yake kuna kijipazia kinachotenganisha dume na jike, kwa hiyo lazima mtu apite na mwiba, akiinue, aviminye pamoja kwa kidole gumba. Vitabuni tunasema kuchavusha. Shangazi alisema kuozesha. Alipita kwenye marando kabla ya chai, mwiba wa mlimau mkononi, akinong'ona "wewe tayari, wewe tayari, wewe subiri kesho." Alichagua maua ya upande wa chini tu, nane au tisa kwa kila kichala, akasema ya juu yakizaa matunda hupinda kama mkia wa mbwa. Nilipopima baadaye nikakuta kweli: matunda ya chini yalinyooka, na mmea haukuchoka kwa msimu uliofuata.

Basi katika ripoti yangu ya kwanza nikaandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba wakulima wa eneo langu huozesha maua kwa mkono kila asubuhi, na kwamba Mama Kidole peke yake huozesha mia mbili kwa siku. Mkubwa wangu akasoma kuoza kule kwingine. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kusikitika, pamoja na makopo sita ya dawa ya ukungu, na agizo kwamba mwanamke huyo azuiwe mara moja.

Nilimsomea shangazi ile barua. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akaniambia niwaandikie kwamba ndoa zetu hazina ukungu. Makopo nikayarudisha, ila tangu siku hiyo akaanza kunionyesha mambo. Nadhani aliona kwamba nami naweza kuchekwa.

Kipimajoto, lakini, hakukipenda. Msimu wa kwanza nilimwomba kikapu kimoja cha vanila yake nikiue kitaalamu. Alinipa. Nikashusha kipimajoto hadi chini ya sufuria, nikasubiri kisome sitini na nne, nikatumbukiza kikapu. Shangazi alichovya kidole, akasema polepole kwamba hayo ni ya mgeni. Nilimjibu kwamba kioo hakidanganyi. Hakubishana. Alikaa kwenye kigoda chake akachambua mchele.

Siku ya kumi na mbili sanduku lile lilikuwa na ukungu mweupe, na nusu ya matunda yalikuwa yamepasuka ncha. Usiniulize nilivyojisikia. Nilikuwa nimekigusisha kipimajoto kwenye chuma cha chini, penye moto, wakati maji ya juu yalikuwa hayajafika hata hamsini na tano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kipimajoto kinaning'inizwa katikati na maji yanakorogwa. Nilikwenda kwake na uso umenishuka. Akayatazama yale matunda, akanirudishia kikapu, akasema, "Kioo hakikudanganya. Wewe ndiye uliyekiuliza mahali pabaya."

Baada ya hapo tukawa watu wawili kwenye sufuria moja. Nilinunua daftari la mistari, nikagawa ukurasa katikati. Kushoto niliandika anavyosema shangazi, kulia kinavyosoma kioo. Yeye anachovya kwanza, anatamka, kisha mimi nasoma. Misimu mitatu nilijaza daftari hilo, na maji ya mkwe hayakuwahi kushuka chini ya sitini na mbili wala kupita sitini na tano. Kidole cha mwanamke asiyewahi kukaa darasani zaidi ya miaka minne. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu, nikapiga alama kwenye kioo penye sitini na tatu, nikamwonyesha. Akasema mkwe wake amepakwa rangi kama bibi harusi, lakini aliona raha, nilimwona.

Ningependa kusema maisha yalibaki hapo. Ile ndiyo miaka ninayoikumbuka nikiwa peke yangu: asubuhi za maua, mikeka ya vanila juani saa tano, majirani wakizigeuza moja moja na kusemana, mablanketi yakikung'utwa uani. Siku hizi kikundi cha wakulima wa mtaa ule kina mashine inayojipimia joto na kulia ikifika. Nzuri sana. Haijui kumtania mtu.

Msimu wa sita nilianza kuona vitu vidogo. Shangazi alidondosha sindano. Alifunga vifungo vya blauzi kwa kuviangalia. Kliniki walikuwa wamemwambia ana kisukari, akaacha sukari kwenye chai kwa hasira, na habari ikaishia hapo. Mimi sikuunganisha, pamoja na elimu yangu yote.

Jumamosi ya kwanza ya kuua vanila, watu wote wamekaa uani na vikapu vyao, kikapu cha shangazi kikatangulia kama kawaida. Alichovya kidole, akahesabu moja, mbili, akakitoa. Akasema mkwe amefika, akatumbukiza. Mimi nilikuwa nachochea kuni na sikuwahi kusoma kabla. Niliposhusha kioo baadaye kidogo, katikati kama inavyotakiwa, kikapanda, kikapita ile rangi ya kucha, kikasimama sabini na sita.

Hayo ni maji ya kuku. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa shwari, anasubiri dakika tatu zake. Nikaelewa yote kwa mara moja: kidole hakikutoka chenyewe. Alikitoa yeye, kwa mazoea, kwenye mbili. Hakikuhisi kitu.

Nyuma yake palikuwa na vikapu kumi vya watu, jasho lao la mwaka mzima. Ningeweza kusema. Badala yake nikajikwaa. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji baridi, nikaimimina yote sufuriani kama mtu aliyeteleza, moto ukafuka, watu wakaruka. Shangazi alinishukia mbele ya nyumba zote kumi na moja. Alisema serikali imesomesha mtu hadi akawa mtaalamu wa kumwaga maji. Alisema kikapu chake nimekiharibu. Nikaokota ndoo. Kikapu kilikuwa kimeshaharibika kabla sijamwaga, lakini hilo nalijua mimi.

Jioni, akinipa sahani, niliona lengelenge kubwa kwenye kidole cha kati. Nikamuuliza. Akasema ameshika mfuniko wa sufuria, akauficha mkono chini ya kanga. Nikamwambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba labda kuanzia sasa tutumie kipimajoto tu, kimeshazoeleka. Akasema nitumie mimi, yeye ana chake.

Jumamosi iliyofuata nilisimama upande wa pili wa sufuria, nikaning'iniza kioo mapema, na sikuwa na mpango wowote. Shangazi alichovya, akasema bado. Akakoroga, akachovya, akasema bado. Alihesabu polepole kuliko nilivyomzoea. Zebaki ilipofika kwenye rangi nyekundu, upepo ukageuza moshi ukaniingia kooni, nikakohoa. Akatoa kidole papo hapo. "Mkwe amefika," akasema.

Nikajiona nimepata njia. Sufuria ya pili nilikohoa makusudi kwenye sitini na tatu, naye akatoa kidole. Ya tatu vilevile. Nilijiambia kwamba kikohozi kinamshtua, na akishtuka anatoa kidole bila kujua kwa nini. Sasa hivi naona aibu kuandika upumbavu huo, lakini ndivyo nilivyoamini, na nilijiona mwerevu sana kwa kumsitiri.

Tukaenda hivyo misimu minne. Vanila yetu haikuwahi kutoka vizuri kama miaka ile, nyeusi inayong'aa, laini, unaweza kuizungusha kidoleni kama uzi. Wanunuzi waliisifu na shangazi akajibu kwamba ni kidole tu. Mimi nikapata sifa ya kuwa na kifua kibovu. Jirani yetu Mshonaji, mwanamke mnene mpole ambaye cherehani yake ilisikika mtaa mzima, alianza kuniletea chupa ya tangawizi na asali kila Jumamosi ya kuua vanila. Aliiweka karibu na mguu wangu bila neno. Nilikunywa, nikashukuru, nikaendelea kukohoa.

Halafu nikashikwa na mafua. Mafua ya kweli, ya macho kutoa machozi. Nilikuwa nimesimama penye sufuria, zebaki ipo arobaini na moja tu, kikohozi kikanipanda. Nikakibana. Kikakataa. Nikakohoa kwa nguvu hadi nikainama.

Shangazi alikuwa na kidole majini. Hakukitoa. Aliinama juu ya mvuke kama anayeangalia kitu ndani ya sufuria, mdomo wake ukafika karibu na sikio langu.

"Hicho ni cha maji," aliuliza kwa sauti ndogo, "au cha mafua?"

Nilishindwa kumtazama. Nikamjibu kwamba ni cha mafua, shangazi.

"Basi jikaze, mwanangu. Usije ukanitoa mapema." Akainuka, akawaambia watu kwamba bado, bado kabisa, haya ni ya mtoto.

Watu walipoondoka na mikeka ikawa imeanikwa, alikaa kwenye ngazi ya jikoni akaniita. Akaweka mkono wa kulia juu ya goti langu, vidole vimenyooka. Aliniambia ganzi ilianza kwenye ncha, mwaka ule wa sindano, ikapanda. Ndoo ya maji baridi aliielewa usiku uleule alipoona lengelenge. Alinitukana kwa sababu aliogopa, na alitaka kuniomba radhi lakini kila alipoanza aliona itabidi aseme na mengine. Nikamwambia yameisha. Nikamwambia pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukohoa, kwamba majirani ni watu wema, na kwamba kioo kile kimejifunza kwake yeye, si kwingine. Hata tukiwaambia hakuna atakayemcheka.

Alikiangalia kile kidole.

"Wananiita Mama Kidole," alisema. "Wakijua kidole chenyewe kimekufa, nitakuwa mama wa nini?"

Nikamwahidi kwamba hakuna atakayejua, na kwamba nitakohoa hadi nistaafu. Akacheka, akasema nisisahau kunywa dawa ya Mshonaji. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na sikumwambia. Nilimwambia nakwenda kugeuza vanila.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati maua yanaanza. Asubuhi ya pili baada ya kumzika niliingia kwenye marando yake na mwiba wa mlimau, kwa sababu maua hayajui msiba na hayangoji. Nilikwenda nikinong'ona "wewe tayari, wewe subiri kesho," na nililia hadi nikawa sioni kijipazia kiko wapi. Mengine nadhani niliyaharibu. Mengi yalishika.

Miezi tisa baadaye ncha za matunda zikaanza kugeuka njano, tukachuma. Jumamosi ikafika. Majirani walikuja na vikapu vyao kama zamani, wakakaa palepale. Kigoda cha shangazi hakuna aliyekikalia. Niliwasha moto, nikaning'iniza kioo katikati, nikakoroga. Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia kwamba kuanzia sasa ni kipimajoto, na nilikuwa nimetunga uongo wa kusema kwamba mwenyewe aliniagiza hivyo siku za mwisho, ili kidole chake kibaki na heshima yake.

Zebaki ilipanda taratibu. Hamsini na nane. Sitini. Sitini na mbili. Ikagusa rangi ya kucha iliyokuwa imebanduka kidogo, na mimi nikafungua mdomo niseme, sauti ikakataa kutoka. Nilisimama tu na kikapu mkononi.

Nyuma yangu Mshonaji akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, cha kukusudia, kama changu. Kabla sijageuka, mwanamke aliyekaa pembeni yake naye akakohoa. Kisha mwingine, karibu na ukuta. Nilipogeuka, wote walikuwa wanaangalia sufuria, wala hawakuniangalia mimi. Misimu minne yote. Ile tangawizi, ile asali, lile jina waliloendelea kumwita kila Jumamosi kwa sauti ya juu.

"Tia vanila, Bibi Shamba," Mshonaji akasema. "Mkwe amefika."

Nikatumbukiza kikapu, nikaanza kuhesabu dakika tatu.